Goti la Kilomita ya Thelathini na Moja

Kwa hesabu ya baba yangu, nimeacha mambo manne katikati: chuo cha uuguzi, kwaya ya vijana, uchumba, na riwaya. Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Kwaya niliiacha mwezi mmoja kabla ya mashindano, na sauti ya pili ikabaki na pengo ambalo baba, mzee wa kanisa, alilisikia kila Jumapili kama anayepitisha ulimi mahali palipong'oka jino. Uchumba niliuvunja wakati mbuzi wa kwanza ameshaletwa na ameshazoea zizi letu. Riwaya sijaiacha. Hiyo ya nne tunabishana mpaka leo.

Riwaya nilikuwa naiandikia stoo. Nyumba yetu ya Kilolo ina chumba upande wa kilimani, chenye dirisha moja la mbao, ambacho tangu nipate akili kimekuwa cha viazi. Niliporudi kutoka chuoni nilivihamishia viazi barazani, nikafagia, nikaingiza meza. Baba alivumilia mavuno mawili. Yalipokaribia ya tatu alikuja kusimama mlangoni na mabuti yake ya mvua, akapitisha macho kwenye kuta kama mtu anayepima magunia.

"Viazi vinarudi," alisema.

"Baba, nimebakiza kidogo."

"Hicho kidogo nakisikia tangu mwaka juzi. Pale shuleni wanatafuta mtu wa kukaa ofisini. Nimeshaongea na mwalimu mkuu. Januari unaanza."

"Na kitabu?"

"Wewe binti una mianzo mingi. Nionyeshe kitu kimoja ulichokimaliza. Kimoja tu, hata kiwe nini. Siku hiyo stoo ni yako, na mimi kuhusu ofisi sitasema tena."

"Hata kiwe nini?"

"Hata kiwe nini."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata barua. Nyumba moja ya waandishi, katika mji wa kaskazini kabisa mwa Ulaya, ilinikaribisha nikakae miezi mitatu nikiandika. Na katika karatasi za maelezo walizoniambatanishia, chini kabisa, waliandika kwamba Jumapili ya mwisho ya ukaaji wetu mji wao una mbio za marathoni, na mgeni yeyote anaruhusiwa kujiandikisha. Mimi ni mtu wa meza na chai. Lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu huwa inashuka miguuni.

"Nitakimbia marathoni," nilimwambia baba wakati wa chakula. "Kilomita arobaini na mbili. Nitamaliza."

Baba aliweka tonge chini. "Arobaini na mbili ni hapa mpaka Iringa mjini na bado unazidisha. Basi lenyewe la asubuhi likifika linatoa moshi."

"Mimi sitoi moshi."

"Haya," alisema, na nikaona anacheka kwa mabega. "Haya, mama. Tutaona."

Nikaanza mazoezi. Watu wanaosoma vitabu vya kukimbia wanajua mambo ya mapafu na mapigo ya moyo. Mimi nilikuwa na tatizo ambalo hakuna kitabu kinacholitaja: barabara ya Kilolo asubuhi ina wazee. Wanakwenda shambani, wanapeleka maziwa, wanarudi kutoka ibada ya alfajiri, na ukungu wa kwetu unawatoa mmojammoja kama mtu anayegawa karata. Na mbele ya mzee mtoto wa kike hapiti. Anasimama, anashuka goti, anasema "Kamwene", salamu ya kwetu, anasubiri arudishiwe "Kamwene", anaulizwa habari za nyumbani, anajibu, kisha ananyanyuka. Nilipokuwa na miaka saba nilimpita bibi mmoja mbio kwa sababu nilikuwa nawahi shule. Baba aliniona. Alinirudisha kwa mkono mpaka kwa yule bibi, nikapiga goti kwenye tope jekundu, shule nikafika nimechelewa, nikachapwa, na jioni baba akasema fimbo ya kuchelewa ni nyepesi.

Basi nilikimbia hivyo. Mita mia tano, goti. Mita mia nane, goti. Wazee walishangaa mavazi yangu ya mazoezi lakini waliridhika na goti. Miguu yangu ikajifunza kukimbia kwa sentensi fupifupi, kila moja na nukta yake.

Mavuno yalipoanza nilihamia Mbeya kwa shangazi yangu, Iyunga, ili baba asinione nikiwa nimekaa. Huko nilikimbia pembeni mwa barabara kuu, malori ya kwenda Tunduma yakinimwagia upepo na vumbi.

"Dada, kakuibia nini?" waliniuliza vijana wa bodaboda siku ya kwanza, wakitazama nyuma yangu na mbele yangu kumtafuta mwizi.

"Bado hajaiba," niliwajibu. "Nawahi kabla hajaanza."

Shangazi alikuwa hafurahii. Anafuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, na kwake ugonjwa wowote duniani unaingilia kifuani. "We mtoto utakuja kufa kwa nimonia nchi za watu," alisema. "Halafu nani atakuleta?" Akanifumia sweta la sufu zito, rangi ya udongo, lenye shingo ndefu ya kukunja mara mbili. Nilimwambia wenzangu watavaa vitu vyepesi vya plastiki. "Wenzako wana shangazi?" aliuliza. Nikalikunja sweta nikalitia begini.

Kule ugenini, mama aliyetunza ile nyumba ya waandishi alinihurumia tangu siku ya kwanza. "Wewe unayetoka Afrika, utaiwezaje baridi yetu?" Nadhani alifikiri nchi yetu yote ni kama Ruaha Mbuyuni, ambapo basi likisimama kununua vitunguu joto linaingia dirishani kama abiria. Nilimweleza kwamba nyumbani mwezi wa saba tunaamka tunakuta sakitu, yaani umande ulioganda, imelala shambani, nyeupe, na majani ya viazi yameungua kama yamepitiwa na moto. Alitikisa kichwa kwa upole. Hakuniamini hata kidogo, na kutoamini kwake nikakuweka akiba.

Jumapili ya mbio iliamka vibaya. Mvua haikuwa inashuka, ilikuwa inakuja kwa ubavu, na ndani yake mlikuwa na punje za barafu zilizouma usoni kama mchanga. Upepo ulikuwa unang'oa mabango. Kwenye kipaza sauti walisema asiyejisikia vizuri asianze, na kwamba mtu akizidiwa na baridi ataondolewa barabarani na madaktari bila mjadala. Walisema pia kwamba saa ya mwisho wa mbio itazimwa zikitimia saa sita tangu kuanza. Nilibana namba yangu kifuani kwa pini nne juu ya sweta la shangazi. Mwanamume mmoja mwenye koti la plastiki alinitazama toka shingo mpaka mapajani, maana sweta lilifika huko.

"Litakulemea hilo," alisema.

"Limenizoea," nilimwambia.

Kilomita za mwanzo zilinishangaza kwa jambo moja: hakuna aliyenisimamisha. Watu waliojipanga kando walipiga makofi na kengele, wazee kwa vijana, na sisi tukawapita tu, maelfu ya watu tunapita bila salamu. Miguu yangu ilikuwa inangoja nukta zake. Kila mita mia tano goti la kulia lililegea kidogo lenyewe, likakuta hakuna kazi, likaendelea. Kufikia kilomita ya kumi na tano nilikuwa nimechoka uchovu nisioujua. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimekimbia sentensi moja ndefu isiyo na pumziko.

Na mvua ikazidi. Kilomita ya ishirini tulivuka daraja, na upepo ukamsogeza msichana aliyekuwa mbele yangu hatua mbili kando, kama mtu anayehamisha kiti. Niliona watu wamekaa kwenye vizingiti vya maduka, midomo ya bluu, wamefunikwa yale mablanketi yanayong'aa kama karatasi ya chokoleti. Niliona mwenye koti la plastiki akiingizwa kwenye gari la wagonjwa, anatetemeka mpaka meno yanasikika. Sweta langu lilikuwa limekunywa maji ya kutosha kunyweshea bustani, mikono imerefuka imenifunika vidole, lakini sufu ni sufu. Chini yake nilikuwa na joto. Nilimsalimu shangazi kimoyomoyo. Nilikuwa wa nyuma, karibu wa mwisho kabisa, lakini kwa hesabu zangu ningefika dakika tano kabla saa haijazimwa.

Ndipo nikafika kwenye meza ya maji ya kilomita ya thelathini na moja.

Wahudumu wengine walikuwa wameshakimbilia hemani. Mbele ya meza alibaki bibi mmoja, miaka themanini na kitu, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, juu yake mfuko wa plastiki. Alinisubiri. Alikuwa ameniona tangu mbali, na akanyoosha kikombe kwa mikono miwili.

Mikono miwili. Miezi mitatu nilikuwa napokea vitu vya mkono mmoja: chenji, funguo, mkate. Kwetu anayekupa kitu kwa mikono miwili amekupa na yeye mwenyewe. Sikuamua chochote. Goti lilishuka lenyewe mpaka kwenye lami, maji yakaruka, nikainamisha kichwa, nikasema, "Kamwene."

Nilikuwa bado nangoja jibu nilipodakwa makwapani.

Walikuwa wawili, mwanamume mwenye ndevu na mwanamke mrefu, makoti mekundu yenye msalaba mgongoni. Kabla sijavuta pumzi nilikuwa kwenye kiti ndani ya hema, blanketi la kung'aa limenizunguka, na yule wa ndevu ananimulika tochi jichoni.

"Ameanguka," alimwambia mwenzake. "Na alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka."

"Sijaanguka," nilisema kwa Kiingereza.

"Tulia. Wote wanasema hivyo."

"Nilikuwa namsalimia yule mama."

Wakatazamana, na nikaona macho yao yanakubaliana kwamba hali yangu ni mbaya kuliko walivyodhani. Mwanamke akaanza kulegeza pini ya kwanza ya namba yangu. Niliweka kiganja juu ya mkono wake. Ndani ya hema kulikuwa na hita, na joto lilinipanda miguuni kama usingizi. Niliiona Januari yangu waziwazi: meza ya ofisi ya shule, daftari la mahudhurio, mhuri, na stoo imejaa viazi hadi dirishani. Ningeweza kukaa pale na hakuna ambaye angenilaumu. Wangesema alizidiwa, hali ya hewa ilikuwa mbaya. Baba angekubali. Angesema, haya, mama, ya tano hiyo.

"Usiitoe," nilisema. "Nipime."

"Nini?"

"Nipime. Mmesema mnaondoa aliyezidiwa. Nipime kama nimezidiwa."

Akanitia kipimajoto sikioni. Akakitazama, akakikung'uta, akanitia sikio la pili. Akaniuliza leo ni siku gani. Jumapili. Akaniuliza niko mji gani, nikamwambia, na nikamtajia mtaa na kanisa lililokuwa mbele yetu.

"Sasa kwa nini miguu ilikuishia nguvu?"

"Haikuniishia."

Nyuma yake mlango wa hema ulifunguka. Yule bibi alikuwa ameingia, kikombe bado mikononi, maji ya mvua yamekijaza mpaka ukingo. Alisema kitu kwa lugha yao, na mwanamke mrefu akanitafsiria huku anakunja uso: "Anasema ulimtazama kabla ya kwenda chini. Anasema mtu anayeanguka hatazami mtu."

Nikasimama. Blanketi likabaki kitini. Nilitoka nje ya hema, kwenye mvua, wote watatu wakanifuata, nikamgeukia yule bibi nikapiga goti. Nikanyanyuka. Nikapiga tena. Mapaja yalikuwa yanawaka, na goti lilikuwa linatoa damu kidogo, lakini nilishuka taratibu na kupanda taratibu, mikono kifuani, bila kushika meza. Mara ya tatu nilisema kwa sauti, "Kamwene!" Na yule bibi, ambaye hajawahi kusikia neno hilo tangu azaliwe, akakunja magoti yake mazee kiasi alichoweza, akaniinamia, akanipa kikombe. Nikanywa maji ya mvua yote.

Mwenye ndevu alipangusa uso. "Haya," alisema. "Nenda. Lakini ukianguka tena—"

"Nikisalimia tena."

"Ukisalimia tena, salimia umesimama!"

Nilikuwa nimepoteza dakika kumi na saba.

Gari la kuokota waliochelewa lilinifikia kwenye kilomita ya thelathini na tatu. Lilikuwa basi dogo lenye taa ya njano, likitembea nyuma yangu kwa mwendo wa jeneza. Vioo vilikuwa na ukungu, na nyuma ya ukungu niliona watu na vikombe vinavyotoa mvuke. Mmoja alifuta kioo akaniita kwa mkono, kwa nia njema kabisa. Msimamizi alishusha dirisha.

"Muda wako umeisha. Panda."

"Miguu haijaisha."

"Barabara inafunguliwa kwa magari. Ukitaka kuendelea, namba tupe sisi, upite kando na waenda kwa miguu. Hutahesabiwa. Sisi hatutakuwa na habari na wewe tena."

Nilizifungua pini moja baada ya nyingine. Vidole vilikuwa vya mbao, ilichukua muda, na yeye alisubiri akidhani nitabadili nia. Nikampa namba. Pini nne nikabaki nazo, nikazibana kwenye shingo ya sweta.

"Hizo hujaziomba," nilimwambia.

Basi likanipita. Nikapanda njia ya waenda kwa miguu.

Kilomita tisa zilizobaki sina cha kuzipambia. Hapakuwa na kengele wala makofi. Nilisimama kwenye taa nyekundu za barabarani pamoja na watu wenye miavuli na mbwa, nikangoja, taa zikageuka, nikakimbia. Taa nyekundu, nukta. Taa nyekundu, nukta. Mji ule haukujua kwamba umenirudishia barabara ya Kilolo. Kila niliposimama mguu ulijikumbuka, na nilipowaona wazee kwenye vituo vya basi niliwainamia kichwa nikiwa nakwenda. Wengine walinitazama kama mwehu. Bwana mmoja mwenye mkongojo alivua kofia.

Nilipofika uwanja wa mwisho walikuwa wanapakia vizuizi kwenye lori. Saa kubwa ilikuwa imezimwa, uso mweusi mtupu. Medali zilikuwa zimefungwa kwenye maboksi na maboksi yamefungwa gundi. Mtu mmoja alikuwa anakunja zulia.

"Tumefunga," aliniambia.

"Najua."

Lakini mstari wenyewe ulikuwa umechorwa kwa rangi ya bluu barabarani, na rangi haikunjwi. Nikakimbia mpaka hapo. Nikauvuka. Nikageuka nikautazama, kisha nikakaa juu yake, kwenye maji, mpaka mtu wa zulia akaniomba radhi nimpishe.

Nilimpigia baba simu nikiwa bado na sweta mwilini. Huko nyumbani jua lilikuwa linazama, nilisikia ng'ombe wanaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umemaliza?"

Ningeweza kusema ndiyo tu. Nilimweleza yote: bibi, hema, basi, taa nyekundu, saa iliyozimwa.

"Medali?"

"Hamna."

"Karatasi yoyote?"

"Hamna. Nina pini nne."

"Pini," alisema baba.

"Na baba, nakwambia mapema. Hata ukisema haihesabiki, stoo sitoki. Lete viazi, lete mwalimu mkuu, mtanikuta humo."

Ng'ombe mmoja akalia karibu na simu.

"Huyo mama," alisema hatimaye. "Ni mtu mzima?"

"Wa umri wa bibi. Alinipa maji kwa mikono miwili."

"Ukapiga goti lote, au ulikunja tu?"

"Lote. Mpaka chini."

Nilimsikia akikohoa, kile kikohozi chake cha kanisani kabla ya kusoma matangazo. "Sasa hao ni watu gani?" alisema, na sauti ilikuwa imepanda. "Mtu yuko njiani anakuja, wao wanazima saa? Sisi hata msibani sufuria haliondoki mekoni mpaka mgeni wa mwisho afike. Wanakunja mazulia, mtoto wa mtu yuko barabarani kwenye mvua!" Akaendelea hivyo mpaka salio likaisha.

Kuhusu ofisi ya shule hakusema tena, kama alivyoahidi. Niliporudi Kilolo stoo ilikuwa imefagiliwa, meza iko dirishani, na kwenye kona yamesimama magunia matatu ya viazi. Nilipomuuliza alisema mavuno yalizidi. Nimeyasukumia ukutani na nimeweka vitabu juu yake. Pini nne ziko kwenye ubao wa dirisha.

Riwaya bado. Barua mbili za wachapishaji niliowatumia sura za mwanzo zimeshakuja, moja inasema nafasi ya mwaka huu imejaa, nyingine inasema wasomaji siku hizi wanataka vitu vifupi. Nimezitia chini ya gunia. Asubuhi baba akipita kwenda shambani, mabuti yanasimama nje ya dirisha langu.

"Umefika sura ya ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Gari limeshakupita?"

"Limeshapita, baba."

"Basi endelea," anasema, na mabuti yanashuka bondeni.